Mguu wa Ngurumo

Nimepigwa na watu wengi maishani, na karibu wote tulikuwa tumepatana kabla. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Miaka ile ambayo mieleka ilijaza ukumbi Jumapili baada ya kanisa, jina langu kwenye mabango lilikuwa Bucha wa Dagoretti. Siku za wiki nilibeba nyama machinjioni, na mwenye mieleka, Bwana Mutinda, alinikuta na damu begani akaona nimeshajipamba tayari. Kazi ya Bucha ilikuwa kuvuta watu nywele, kumpaka mwenzake pilipili machoni refa akiangalia kando, kisha mwishoni kuinuliwa juu na kubwagwa kama gunia la viazi ili watu waende nyumbani wameridhika. Kila pambano lilikuwa na mzuri na mbaya. Mbaya ndiye mimi. Mama yangu mzazi alikuja na chupa yake ya uji, akakaa mstari wa mbele, akamshangilia yule mwingine.

Yule mwingine aliitwa Ochola. Ulingoni alikuwa Ngurumo, na akiingia watu waligonga viti vya mabati chini mpaka ukumbi ukatetemeka. Alikuwa na kifua kama mlango wa benki. Na alikuwa na mkanda.

Siku hizi nimekodi nusu ya kiduka pale Luthuli, ghorofani, katikati ya mafundi wa redio na wauza simu. Nashona zipu na mikanda ya mabegi. Nusu nyingine ni ya Maurine, anayeuza chaja na kava za simu na maneno. Ukuta wa nyuma ni wangu peke yangu. Nimetundika mabango ambayo wekundu wake umegeuka rangi ya chai, viatu vya kamba za hadi magotini, vipande vya tiketi, na kengele ya ulingo niliyoiwahi kwa muuza vyuma chakavu Kawangware akiwa ameshaishikilia nyundo. Kuna kinyago cha mtu aliyeitwa Popo. Popo sasa ni mzee wa kanisa na akipita Luthuli anatazama upande wa pili wa barabara.

Katikati ya ukuta huo kuna msumari mtupu.

"Guka," Maurine huniambia, kwa sababu ameamua mimi ni babu yake, "hiyo msumari unaitunza kuliko bibi. Si nitundike hata chaja moja tu?"

"Ukitundika chaja hapo nitakubwaga."

"Na mgongo gani?"

Msumari ni wa mkanda wa Ngurumo. Ngozi yake niliibeba mimi kutoka machinjioni, ikashonwa Kariokor, na bamba la shaba la mbele lilikuwa sinia ya mke wa Mutinda, wakakosana kwa ajili yake. Nilipigania mkanda ule mara nyingi na kila mara nikashindwa, kama ilivyopangwa. Halafu siku moja Mutinda akaniita nyuma ya ukumbi, akaniambia, "Haron, Jumapili ijayo unachukua." Alitaka watu wakasirike, warudi kwa wingi. Ochola mwenyewe alikubali. Nilienda nyumbani nikajifunga kamba kiunoni mbele ya kioo nione ningekaa vipi.

Jumapili hiyo haikufika. Wiki hiyohiyo Ochola alivunjika mguu, mfupa wa paja, vipande. Na Nairobi nzima iliyojua mieleka ilijua aliyemvunja ni mimi.

Sasa nikuambie ilivyokuwa. Pambano letu la mwisho lilikwisha salama. Alinibwaga, nikalala, watu wakagonga viti. Mzuri akatokea mlango wa mbele na mbaya mlango wa nyuma, kwa sababu tulikatazwa kuonekana pamoja. Hiyo ilikuwa sheria ya Mutinda, pamoja na nyingine iliyokuwa kubwa zaidi: mpango hauambiwi mtu, hata mke. Mke akijua, jirani anajua, na jirani akijua hakuna anayenunua tiketi. Mimi nikaenda zangu Dagoretti. Ochola, kwa miguu yake miwili mizima, akaenda Kangemi kwa mwanamke anayeitwa Philister, ambaye mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Lori lilirudi mapema. Ochola akaruka ukuta wa nyuma, na upande wa pili kulikuwa na rundo la mawe ya kujengea.

Nilimkuta hospitali asubuhi, kabla ya saa za kuona wagonjwa, mguu umening'inizwa. Alicheka akiniona, kisha akaacha kucheka.

"Haron, Millicent akiuliza, ni wewe. Ulinivizia nje baada ya pambano."

"Na mkanda?"

"Mkanda utakuja tu. Wacha kwanza nipone."

Nikakubali. Ningekataaje? Kazi yangu ilikuwa kuchukiwa, na hiyo ilikuwa Jumapili moja ya ziada. Plasta ilikuwa bado haijachafuka, nikachukua kalamu ya muuguzi nikaandika: *Pona haraka nivunje wa pili. Bucha.* Tulicheka tena, yeye akishika ubavu.

Ndugu za Millicent, mke wa Ochola, walinikuta Kawangware nikinunua mkate. Hilo ndilo pambano pekee maishani mwangu ambalo halikupangwa, na unaweza kuona matokeo yake nikitabasamu. Meno ya mbele yote ya juu. Sikumtaja Philister, na hata ningemtaja maneno hayangesikika vizuri. Watu wakaanza kunitemea mate sokoni kwa kweli, si kwa mchezo, na Mutinda akaona mbaya aliyevunja mzuri hauzi tena tiketi, anatisha. Ochola hakupona sawasawa. Mkanda ukabaki kwake kwa sababu hakuna aliyemshinda. Ukumbi ukawa kanisa, kisha ukawa maduka.

Alipokufa mwaka huu sikwenda matangani. Mbaya haingii kwa mlango wa mbele. Nilifunga kiduka nusu siku, nikapangusa vumbi kwenye bango lake.

Kisha simu ikalia.

"Halo, ni Mzee Haron? Mimi ni Caren. Msichana wa Ochola."

Nilimjua akiwa mtoto wa kubebwa. Sasa anafanya kazi ofisini na anaishi Kileleshwa, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

"Nimesikia unakusanya vitu vya mieleka," alisema. "Mama anapanga vitu vya baba. Kuna huo mkanda. Amesema uje. Uje wewe mwenyewe, usitume mtu."

"Amesema mimi? Kwa jina?"

"Amesema Bucha."

Maurine aliyekuwa anasikiliza kwa masikio yote mawili akaondoa chaja zake karibu na msumari bila kuambiwa.

Jumamosi nikanyoa, nikavaa koti la harusi za watu, nikashuka Kawangware na kutembea mpaka mtaa wa Satellite, nyumbani kwa Ochola. Nilipopita ile sehemu niliyoachia meno, nilivua kofia. Ukinicheka ni sawa, hata mimi nilijicheka. Lakini sikuwa nacheka nilipofika kwenye geti lao la bluu. Nilikuwa nimejiambia jambo moja njiani: lolote atakalosema huyu mama, atukane, alie, anirushie kiatu, mimi nitavumilia na kutoka na mkanda. Ulikuwa wangu tangu Jumapili ile ambayo haikufika.

Millicent alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale aliyonitazama nayo kutoka mstari wa mbele.

"Karibu, Bucha. Ingia. Hiyo kofia vua, hapa ni nyumbani."

Sebule ilikuwa na vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, na picha ya Ochola ukutani imezungushiwa utepe mweusi. Juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, ulikuwa mkanda. Shaba iling'aa kama imetoka kwa fundi jana. Nikakaa nikiutazama kwa pembe ya jicho, vile mtu anavyotazama mke wa mtu mwingine kanisani. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kuku anayechemka taratibu na vitunguu. Nikadhani kuna mgeni wa maana anayetarajiwa.

Alinimiminia chai.

"Umezeeka vibaya," alisema.

"Mama Caren, sikuwa na sura ya kuharibu."

Karibu acheke. Nilimwona akiuzuia mdomo.

"Na unakula aje na hayo meno?"

"Polepole. Nyama nikiipata naibembeleza."

Alinitazama mdomo kwa muda mrefu mpaka nikaufunga. Kisha akageuka. "Caren, enda uangalie hiyo sufuria." Msichana akaingia jikoni na kurudisha mlango. Millicent akaweka mikono magotini.

"Haron," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Maisha yake yote nilikuwa Bucha, hata kwenye simu ya juzi nilikuwa Bucha. Nililisikia jina langu likitoka kinywani mwake na nikapita juu yake bila kusimama. Hicho ndicho ninachokirudia kila siku nikishona zipu za watu.

"Haron, nakuuliza mara moja. Ulimvunja Ochola mguu?"

Nilimtazama Ochola ukutani na utepe wake. Nikatazama mkanda. Nikafikiri: huyu ni mjane, anataka mtu amwombe radhi ili moyo utulie, na radhi ni kitu ninachoweza kutoa. Mpango hauambiwi mke. Nikasimama.

"Nilimvunja, Mama Caren," nikasema. "Nilikuwa na wivu. Nilijua siwezi kumshinda kwa haki, nikamvizia gizani nje ya ukumbi, nikamkanyaga, nikasikia mfupa ukilia, na sikuacha. Nimeishi na hiyo sauti. Alikuwa mtu mzuri kuliko mimi. Nakuomba msamaha, wewe na huyu aliye ukutani."

Nilipiga goti moja. Nilitoa hata machozi. Ukimpaka mtu pilipili miaka mingi unajifunza machozi yanakaa wapi. Ninasema kweli, sijawahi kufanya vizuri vile. Kama Mutinda angekuwa hai angeniongeza mshahara.

Millicent hakutikisika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kaa."

Nikakaa. Akafunika kikombe chake kwa kisahani.

"Kwa matanga, hapa hapa, alikuja mwanamume mmoja," alisema. "Ana paji la uso la Ochola. Anatembea vile Ochola alikuwa anatembea kabla ya huo mguu. Alikuwa na mama yake. Philister. Huyo mama alipiga magoti hapo umepiga wewe, akaniambia yote. Lori. Ukuta. Mawe."

Chai yangu ilikuwa mkononi na sikujua niiweke wapi.

"Unajua kusamehe mtu ni kazi?" aliendelea, kwa sauti ileile ya chini. "Mimi nimekusamehe wewe kila Jumapili. Nikitoka kanisani nakuona kwa barabara, nimekuchukia tena, naanza upya. Niliuza cherehani yangu juu ya huo mguu. Kumbe mwenye nilikuwa namsamehe hakuwa amefanya kitu, na mwenye alifanya nilikuwa nampaka dawa usiku."

"Mama Caren, ngoja nikueleze..."

"Wale ndugu zangu walikutoa meno, ni mimi niliwatuma. Ulijua?"

"Nilifikiria."

"Nilikuita leo nikuombe msamaha. Mimi, nikuombe wewe. Nikapika. Huo mkanda nimeusugua jana na majivu na ndimu mpaka mikono ikauma. Nikasema, nitamwuliza mara moja. Nitamwita jina yake, ajue simwulizi yule wa ulingo. Akiniambia ukweli, namwomba msamaha, anakula, anaenda na kitu yake."

"Nilikuwa namlinda Ochola."

"Ochola amekufa."

"Nilikuwa nakulinda wewe, basi."

"Mimi ulikuwa unanilinda na nini? Nyinyi wanaume wawili mmekaa na maisha yangu mfukoni, mkikutana mnacheka. Mlicheka ama hamkucheka?"

Nilikumbuka Ochola akishika ubavu kitandani. Nikaweka kikombe chini.

"Acha nikuambie sasa," nikasema. "Yote. Kutoka mlango wa mbele wa ukumbi mpaka..."

"Sasa?" Alitikisa kichwa. "Sasa utasema, na mimi nitajuaje kama umekaa kwa kiti yangu ama umesimama kwa ulingo? Umelia hapa, Haron. Umelia machozi. Karibu mimi mwenyewe niamini, na ninajua."

Akainua sauti kidogo. "Caren, funika hiyo sufuria. Mgeni anaenda. Na uniletee kile kitu kiko juu ya kabati."

Caren akatoka chumbani na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kamba ya katani. Mama yake akakifungua mapajani. Ilikuwa plasta ya mguu, imepasuliwa mbili kwa urefu vile hospitali hupasua, imekuwa ya manjano. Ochola aliitunza. Ilijaa majina ya mashabiki kwa wino wa kila rangi, na karibu na goti, kwa herufi kubwa kuliko zote, mwandiko wangu.

"Hii nimeisoma miaka yote," Millicent alisema. "Ilikuwa inanichoma. Juzi nikaisoma tena, nikaona ni utani wa marafiki, nikasema huyu mtu lazima ana moyo." Akaifunga tena. "Si umesema ulimvunja? Basi mguu ni wako. Beba."

Ninajua ningepaswa kunyamaza. Lakini macho yangu yalikuwa yameshakwenda mezani, na mdomo ukafuata.

"Na mkanda?"

"Mkanda ni wa kijana wa Philister. Hajawahi kunidanganya." Akasimama, akanipa mkono, mkavu na mwepesi. "Kwaheri, Bucha."

Caren alinisindikiza, kwa sababu alilelewa vizuri. Tulifika getini. Akashika komeo, akasita.

"Mzee, kwani ilikuwa ngumu aje kusema tu?"

"Nilifikiri ndiyo nasema kitu kizuri."

"Alikuwa amekuwekea firigisi," akasema. "Tangu baba aende hakuna mtu amewekewa."

Akafunga geti. Nilibaki nje na harufu ya kuku ikinifuata juu ya ukuta, na mguu wa rafiki yangu kwapani.

Gazeti lilichanika kabla sijafika Kawangware. Jaribu wewe kupita pale mchana wa Jumamosi na mguu wa mtu, uone kama kuna atakayekuacha. Kijana wa boda boda aliyelala juu ya pikipiki yake aliinua kichwa.

"Mzee, hiyo mguu ni ya nani?"

"Ya rafiki yangu."

"Na yeye anatembea na nini?"

"Hatembei tena."

Akacheka mpaka akaamka kabisa. Nilimwachia kicheko chake.

Jumatatu niliunganisha vile vipande viwili kwa uzi wa kushonea mabegi na kuvitundika kwenye msumari. Plasta ni nzito. Ilibidi nigonge msumari wa pili chini, na hata hivyo imekaa upande, goti limeelekea mlangoni kama linataka kutoka. Maurine alisimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Guka, ndiyo mkanda huu?"

"Mkanda umepata mwenyewe."

"Haki ningeweka chaja." Akasogea akasoma, midomo ikitembea. "*Pona haraka nivunje wa pili.*" Akanigeukia, mikono ikashuka kutoka kiunoni. "Kumbe ulikuwa mnyama namna hii?"

Kulikuwa na mteja amesimama, kijana wa tai aliyekuwa akingoja kubandikiwa kioo cha simu. Naye akaitazama plasta, akanitazama mimi.

"Mzee, ni wewe ulimvunja?"

Hapo hakukuwa na wa kulinda. Ochola yuko ardhini, Philister ameshasema yake, Millicent yuko Satellite akila kuku ama akimmwaga. Maurine alikuwa akinitazama, na nadhani alitaka niseme hapana. Ningeweza kuanza na Maurine, nikajifunza kwa mtu wa karibu jinsi ukweli unavyosemwa.

Nikafungua mdomo kijana alione pengo vizuri.

"Mimi," nikasema. "Ingia huku ndani, simama karibu na goti, upigwe picha."